Semina Zimetosha, Tupeni Bweni

Hakiki nyingi zinazotoka katika kurasa hizi ni za vitabu: riwaya fulani wahusika wake wamepwaya, diwani fulani vina vyake vimelazimishwa. Mimi leo naomba nihakiki kitu kisicho na jalada, nacho ni kozi fupi za bweni. Nasema zile ambazo mtu mzima anaacha kwake, anakwenda kulala mahali siku tano au sita na watu wazima wenzake, wanajifunza kuandika, kuimba, kuchora au kupiga ala, halafu kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Zinatuhusu sana. Nani kati yetu tunaoandika kwenye kaunta buku hajawahi kunong'onezwa kwamba kuna warsha mahali fulani, peleka jina haraka?

Nitoe msimamo wangu mapema nisije nikaonekana nazunguka mbuyu. Kinachofundisha katika kozi hizo ni bweni. Mwezeshaji anasaidia, makabrasha yanasaidia kidogo, cheti hakisaidii kitu. Ukiondoa bweni ukaweka posho umepata semina, na semina nchi hii tunazo hadi za kugawa.

Nimepita kote kuwili, kwa hiyo sisemi ya kusimuliwa. Semina niliyohudhuria ilikuwa hapa Dar, siku tatu, katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kutetemesha. Asubuhi ya kwanza yote ilikwenda kwenye utambulisho, kanuni za darasa na matarajio ya washiriki, yakaandikwa kwenye bango kitita kwa kalamu nyekundu. Saa nne chai na sambusa. Mchana tukafundishwa mambo ya kujenga mhusika, na kusema kweli aliyefundisha alikuwa anaijua kazi yake. Saa kumi tukatawanyika. Nikagombania daladala la Gongo la Mboto, nikasimama njia nzima, na yale niliyofundishwa kuhusu mhusika yakashukia Buguruni. Nyumbani kuna ndoo za kujaza na mdogo wangu ana hesabu zake zinamsubiri kaka. Siku ya tatu hakuna aliyezungumzia hadithi tena, maongezi yote yalikuwa fomu ya kusaini posho iko kwa nani. Halafu picha ya pamoja, vyeti, kwaheri.

Ya pili ilikuwa Morogoro, kwenye hosteli moja chini ya milima ya Uluguru. Siku sita, watu 14, wanawake jengo lao na wanaume jengo lao. Posho hakuna, cheti hakuna, nauli kila mtu na lwake. Vyombo tulikuwa tunaosha wenyewe kwa zamu. Kwa masaa ya darasa hatukuizidi sana ile ya Dar, maana asubuhi tulisoma na mchana kila mtu aliachwa aandike. Ila baada ya chakula cha usiku hakuna pa kwenda. Mnakaa barazani, umeme ukikatika mnawasha taa za simu, na hapo ndipo shule inapoanza.

Nitatoa mfano mmoja tu. Tulikuwa na mama mmoja, muuza samaki wa kukaanga, mtu wa makamo, elimu yake darasa la saba. Hadithi yake ilihusu mwanamke anayehesabu samaki kwenye beseni kila asubuhi kwa sababu mumewe anamwibia. Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa za kukaanga tu: mafuta, moto, chumvi, namna ya kumgeuza samaki asivunjike. Darasani mwezeshaji akamwambia hadithi ianze kwa kishindo, msomaji wa leo hana subira. Mama wa watu akatii, akazikata zote tatu. Usiku akatusomea ilivyokuwa mpya. Inaanza na ngumi. Tukanyamaza. Kijana mmoja dereva wa bodaboda, ambaye jana yake aliosha naye sufuria, akasema, "Mama, mbona samaki wamepotea? Jana ulivyokuwa unanisimulia pale kwenye karo nilikuwa nasikia mafuta kabisa." Mama akamtazama, akasema, "Kumbe walikuwa wanatakiwa, mwanangu?" Kesho yake samaki walirudi wote, na ngumi ikasogea ukurasa wa nne, ikauma zaidi kwa sababu sasa tulijua ni mikono gani iliyopigwa.

Maneno ya yule kijana hayawezi kusemwa katika ukumbi wa hoteli. Kwanza hadithi aliisikia kwenye karo la vyombo. Pili, mama hakuchukia, kwa vile mtu uliyekula naye siku tatu na unayejua kwamba anaogopa popo huwezi kumwona adui akikukosoa. Semina inatoa aina mbili tu za uhakiki. Mbele yako ni "hongera, kazi nzuri", na nyuma yako ni yale mengine tunayoyajua. Bweni linalazimisha aina ya tatu, uhakiki wa mtu ambaye kesho asubuhi mtakutana foleni ya bafuni.

Sisemi bweni halina kasoro. Usiku wa mwisho kila mtu anampenda kila mtu, na shairi moja bovu kabisa lilipigiwa makofi mpaka mtunzi akalia. Halafu siku sita zinapendelea hadithi fupi. Sisi wa riwaya tunateseka, riwaya haiandikwi kwa wiki. Unakwenda na sura moja, unarudi na sura ileile imechanika. Lakini niseme kilichonitokea, labda kitamfaa mwenzangu aliyekwama. Nilisoma sura ya saba ya riwaya yangu, ambamo dada wa mhusika anauza kiwanja cha marehemu baba yao bila kuwaambia nduguze. Nilidhani dada huyo ni mwovu. Basi barazani wakagombana kwa ajili yake hadi saa sita usiku, nusu wakimtetea kama vile ni jirani yao. Mimi sikusema neno, nilikuwa nasikiliza. Sura ya nane na ya tisa zimetoka kwenye ugomvi ule.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kitu hiki hakikubuniwa na wafadhili wa juzi. Denmark kulikuwa na mchungaji, N. F. S. Grundtvig, aliyezaliwa 1783 na kufariki 1872, mshairi na mtunzi mkubwa wa nyimbo za kanisani. Alizichukia shule za Kilatini za wakati wake, ambako kijana alikaririshwa lugha ya wafu mpaka lugha ya mamaye ikamtia aibu. Aliziita shule za kifo. Yeye alitaka chuo cha watu wazima, hasa wakulima, bila mtihani, kwa Kidenishi chao wenyewe, na mafundisho yapite katika neno lililo hai: kusema, kusimulia, kuimba. Habari ya kuishi pamoja aliiona Uingereza alikokwenda kusoma miswada ya kale. Alikaa Trinity, Cambridge, akapendezwa kuona walimu na wanafunzi wanaishi ua mmoja na kula pamoja. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Mwaka 1851 Christen Kold, mtoto wa fundi viatu, akafungua cha kwake Ryslinge, na huyo alikuwa analala darini pamoja na vijana wake. Huyo Kold ndiye ninayempenda mimi. Grundtvig alikuwa na wazo, Kold akaleta godoro.

Vyuo hivyo wenyewe wanaviita højskole na vipo hadi leo. Kozi ndefu ni za miezi, lakini kuna fupi za wiki moja, hasa kiangazi, za kwaya, uchoraji, falsafa, ufumaji, ambazo mstaafu na mwalimu wanakaa dawati moja. Mitihani bado hakuna. Asubuhi wanaimba pamoja kutoka katika kitabu chao cha nyimbo kilichochapwa mara ya kwanza 1894. Toleo la 19 lilitoka 2020. Fikiria kitabu cha nyimbo kinachoishi miaka mia na ushee kwa sababu tu watu wazima wanalala pamoja na kuamka wakiimba.

Kutoka Denmark wazo likavuka kwenda Sweden mwaka 1868, na kutoka Sweden likaja kwetu. Mtu mwingine atashangaa hapa. Vile Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi unavyopita na basi ukaona kibao kilichopauka, Bigwa pale Morogoro, Ifakara, Ikwiriri kule Rufiji, Newala, ni watoto wa Grundtvig. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilivianzisha mwaka 1975 kwa msaada wa Wasweden, baada ya kampeni ya kisomo, ili mwananchi aliyejua kusoma asiishie hapo. Leo vipo 54. Vilijengwa na mabweni kwa ajili ya watu wazima. Vilifundisha kilimo, ufundi, sayansi kimu, na utamaduni pia, ngoma na nyimbo, na vilifundisha kwa Kiswahili. Mwanzoni havikuwa vya kutafutia cheti. Ulikwenda, ulijifunza, ulirudi kijijini.

Yaani vitu vyote vitatu ninavyovililia katika makala hii, bweni, lugha yetu na kutokuwepo mtihani, tulikuwa navyo kabla mimi sijazaliwa. Nini kilitokea?

Cheti kilitokea. Anayetaka kuona namna cheti kinavyomeza chuo aitazame Kivukoni. Ilifunguliwa 1961, mwaka wa uhuru, kwa mfano wa Ruskin ya Oxford, chuo cha wafanyakazi kilichoanzishwa 1899. Kivukoni ilipokea watu wazima ambao shule haikuwafikia vizuri, wakalala pale ng'ambo ya Kigamboni, wakasoma, wakabishana. Baadaye ikawa chuo cha itikadi cha chama, kisha cha sayansi za jamii, na tangu 2005 ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kinatoa hadi digrii. Sibezi digrii, wenye nazo wananizidi. Lakini mtu wa darasa la saba mwenye kipaji cha kusema siku hizi anaingilia mlango gani pale? Vile vya wananchi navyo vimevutwa upande wa ufundi stadi: useremala, ushonaji, magari, umeme. Vijana wanahitaji kazi na sitathubutu kusema wasifundishwe kuchomelea. Ninalouliza ni kwa nini ilibidi ngoma ipungue ndipo uchomeleaji uingie, wakati mabweni ni yaleyale na usiku ni uleule.

Wenzetu waandishi tumechangia pia. Hatujawahi kwenda kugonga. Tunasubiri mialiko ya hoteli.

Wapo waliokuja na bweni lakini wakaiacha lugha. Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, ilianza kutolewa mwaka 2000, na kwa miaka mingi imekuwa na warsha yake ya bweni inayohama nchi kwa nchi. Waandishi kama kumi na wawili hivi wanakaa mahali tulivu, wanaandika, wanasomeana, zinatoka hadithi za kitabu. Mwaka 2017 warsha hiyo ilikuwa Tanzania, na kitabu cha mwaka huo kinaitwa The Goddess of Mtwara. Kwa umbo lake sina la kulaumu: siku za kutosha, watu wachache, utulivu. Ila lugha ya kuandikia ni Kiingereza, ndivyo tuzo yenyewe ilivyowekwa. Mtwara imepata heshima ya kukaa kwenye jalada, lakini yule mama wa samaki hawezi kuingia katika chumba ambamo kitabu kile kiliandikwa, na akikinunua hawezi kukisoma. Grundtvig angejua ugonjwa huo unaitwaje.

Nawasikia wakubwa wakisema Shaaban Robert hakwenda bweni wala semina, alikuwa karani wa serikali na akaandika maktaba nzima. Ni kweli, na Mungu amrehemu, alifariki 1962 akiwa ametuachia deni ambalo hatujalilipa. Lakini karani ana meza. Karani ana mshahara wa tarehe fulani. Mimi ni kidato cha nne, naandika juu ya godoro chumba cha watu watatu, na nikiwasha taa baada ya saa tano kuna mtu anaguna. Nani ajuaye, pengine kuna Shaaban Robert wa kike Manzese ambaye hajawahi kukaa saa mbili mfululizo bila kuitwa.

Kuhusu wanawake nataka nikae kidogo. Waingereza walikuwa na chuo kiitwacho Denman, Oxfordshire, kilichofunguliwa 1948 na chama cha kina mama wa vijijini. Mwanamke aliacha jiko na watoto siku chache, akaenda kujifunza kuchora, kuimba, historia, mapishi kama akitaka. Kilifungwa moja kwa moja mwaka 2020, fedha zikiwa zimekauka na korona imemalizia. Kilidumu miaka sabini na mbili, na kwa wengi nadhani somo kubwa lilikuwa lile la kwanza, kwamba unaweza kuamka asubuhi na hakuna anayekuuliza chai iko wapi. Pale Morogoro yule mama alituambia kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulala nje ya nyumbani bila msiba, harusi wala mgonjwa. Semina ya mchana haimpi hilo. Inamwongezea safari ya kwenda na kurudi, na sufuria anazikuta palepale.

Tena jamani, sisi si wageni katika mambo haya. Jando na unyago ni nini kama si kozi ya bweni? Wari walitengwa kumbini, wakafundishwa kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa ngoma, mwalimu akilala nao, na hakuna aliyeulizwa vigezo vya kujiunga. Cheti chake nacho ulibaki nacho mwilini, hakipotei kwenye mafuriko. Ni kweli kumbi zilikuwa za vijana na zilikuwa na ukali wake, mwingine hautamaniki. Lakini atakayeniambia kwamba kulala pamoja ili kujifunza nyimbo ni jambo la Kizungu namwomba akamuulize bibi yake kwanza.

Tuzo tunazo sasa. Ile ya Kiswahili ya Safal na Cornell ilianzishwa 2014, na ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ikatolewa kwa mara ya kwanza 2023. Nazishukuru, na mswada wangu ukikamilika nitaupeleka. Lakini tuzo inamsubiri mtu mwisho wa njia. Njiani hakuna hata benchi.

Kwa hiyo napendekeza tuanze kidogo na bila mfadhili. Tuige namna ya Arvon, ambayo washairi wawili, John Fairfax na John Moat, waliianzisha Uingereza mwaka 1968: watu wapatao 16, waandishi wawili wa kuwaongoza, Jumatatu hadi Jumamosi, na wanafunzi wanapika wenyewe kwa zamu. Kupika kwa zamu msikudharau, nimeshaeleza hadithi ya mama ilivyookolewa kwenye karo. Tuwaandikie wakuu wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, tuanze na vilivyo karibu na barabara kuu, tuwaombe bweni wakati wanachuo wapo likizo. Barua iseme wazi kwamba hatutaki vyeti, maana ukitaja cheti litaitwa suala la ithibati na tutasubiri miaka. Tumwombe mwandishi mmoja mzee na mmoja wa rika letu, tuwalipe nauli na heshima. Usiku mmoja tuwaachie wazee wa kijiji kile waje watufundishe wimbo wa pale, na hilo nalitaka sana, kwani tunaandika nathari kavu kama hatujawahi kucheza.

Nimepiga hesabu ya chakula. Watu 18 pamoja na viongozi, siku sita, nusu kilo ya unga kwa mtu kwa siku, ni kilo 54. Weka maharage, mchele wa siku mbili, dagaa, mafuta, sukari, kuni. Tukichanga kila mtu kadiri ya mfuko wake inawezekana, na asiye na kitu achange zamu mbili za jikoni. Mabinti ambao baba zao hawatakubali, twende watu watatu tukazungumze na wazee, mmoja awe mama mtu mzima, na barua ya chuo mkononi.

Nina majina tisa mpaka sasa, na dereva wa bodaboda ni mmojawapo. Anayetaka apeleke jina lake kwa mhariri pamoja na kurasa tano za kazi yake, iwe hadithi, shairi, tamthilia au maneno ya wimbo, kwa Kiswahili, hata kwa mwandiko wa mkono mradi usomeke. Shuka, sahani na chandarua kila mtu atakuja na vyake.